Watoto Waliokuja Kulifunga Darasa la Mama Josée

Geti la shule ya Mama Josée Numbi ni ubao wa kuandikia. Ni bati zito lililochomelewa na fundi mmoja wa mtaa wa Panda, na kila mwisho wa muhula Mama Josée mwenyewe hulipaka weusi: makaa yaliyosagwa pamoja na sombe, majani ya muhogo, mpaka mikono yake inafanana na ya mtu aliyetoka shimoni. Kila asubuhi anaandika hapo sentensi moja. Moja tu. Mtoto anayefika anaisoma kwa sauti, kisha anaingia. Asiyeweza hachapwi wala hafukuzwi. Anasimama pembeni, anawasikiliza wenzake wakiisoma, na akishaweza, anasoma naye anaingia. Wapo waliosimama mpaka saa nne. Hakuna aliyewahi kusimama mwaka mzima.

Mama Josée alizaliwa hapahapa Kikula, mjini Likasi. Baba yake alifanya kazi kiwandani, mama yake aliuza samaki wakavu wa ziwa Tshangalele, na yeye, tangu akiwa na miaka tisa, alikuwa akiwapanga watoto wa jirani kwenye matofali na kuwafundisha herufi kwa kipande cha muhogo mkavu. Alipokua akafundisha shule ya serikali miaka ishirini na miwili. Aliipenda. Mpaka leo husema kwamba shule ile ya barabara ya juu ndiyo iliyomfanya mtu.

Kilichomtoa pale ni mtoto mmoja. Darasa lilikuwa limejaa hivi kwamba wa nyuma walisimama. Asubuhi moja, akisoma majina, aliita jina la mvulana aliyekuwa amehamia Kolwezi na wazazi wake miezi mitatu nyuma. Akaita tena. Ndipo mtoto mwingine, pale nyuma, akajibu "Présent!" kwa niaba ya yule asiyekuwepo, kwa huruma tu, ili mwalimu asione aibu. Mama Josée alimaliza kusoma majina, akafunga daftari, na wakati wa mapumziko akakaa kwenye ngazi akalia. Mwaka ule ulipoisha, akaondoka.

Akaanza nyumbani kwake na watoto kumi na mmoja. Mume wake, marehemu Tata Adrien, alitoa sofa nje ili watoto wapate nafasi sebuleni, na mbuzi wa jirani akawa anailalia mchana kutwa. Watu walicheka.

"Mama Josée, kumi na mmoja? Unafundisha masomo ao unatengeneza équipe ya mupira?"

"Minye niko supporter," alijibu Tata Adrien. "Mbuzi njo gardien ya goli."

Hivyo shule ikaitwa Les Onze, Wale Kumi na Mmoja, na jina likabaki hata watoto walipofika mia moja na sitini, madarasa sita, walimu watano, na binti yake Arlette akifundisha darasa la kwanza.

Kisha serikali ikatangaza kwamba shule ya msingi ni bure. Likasi ilifurahi, na Mama Josée alifurahi pengine kuliko wote. Watoto waliokuwa wakiuza maji na karanga sokoni walivaa shati jeupe na sketi ya bluu, wakapanda barabara ya juu wakiimba. Ila madarasa hayakuzaliwa pamoja na watoto. Chumba kilichokuwa na themanini kikawa na mia moja na ishirini na saba. Wazazi wenye uwezo kidogo wakaanza kutoa watoto wao, na kila barabara ikaota kibao cha shule ya mtu binafsi: nyingine nzuri, nyingine vyumba viwili tu vyenye jina la Kifaransa refu kuliko paa lake. Mji ukagawanyika polepole. Sare, hata hivyo, ilibaki ileile, bluu na nyeupe kwa wote, wa bure na wa kulipa.

Mwaka ninaousimulia, walimu wa serikali waligoma tangu wiki ya kwanza ya Septemba. Mgomo kwetu una desturi yake. Watoto wa shule zilizofungwa, wakichoka kukaa nyumbani, hukusanyika na kwenda kuzifunga zile zinazofundisha. Wanaita *kudeloje*. Hoja yao ni fupi: kama sisi hatusomi, hakuna anayesoma. Wanapiga mabati, wanarusha mawe juu ya paa, na shule za watu binafsi, zikisikia kelele kwa mbali, huwatoa watoto kwa mlango wa nyuma. Watoto wa Les Onze walikuwa wakibeba tisheti ya rangi nyingine ndani ya mkoba, wabadilishe mbio, wasijulikane.

Oktoba ilipofika, joto likiwa limeshika na jakaranda zimemwaga zambarau yote barabarani, kelele zilifika kwa Mama Josée.

Walikuwa kama mia mbili. Mbele yao alitembea msichana mrefu wa miaka kumi na mitatu, Carmel Mbombo, wa darasa la sita, ambaye mama yake huuza mkaa karibu na stesheni. Mkononi alikuwa na jiwe la ukubwa wa kiazi.

Ndani, Arlette alikuwa tayari ameanza kuwavua wadogo mashati.

"Mama, ba kule juu bamefika! Tutoke kwa nyuma!"

Mama Josée hakwenda nyuma. Alifungua geti kiasi cha kupitisha mwili wake, akalifunga mgongoni, akasimama mbele yake na chaki mkononi.

"Madame, toa batoto!" alipaza sauti Carmel. "Leo hakuna masomo mu Likasi!"

"Jambo kwanza," alisema Mama Josée.

Carmel alisita. Mtoto wa Kikula hawezi kusalimiwa na mtu mzima akanyamaza, hata akiwa na jiwe.

"Jambo, Madame."

"Jambo sana. Unataka kuingia?"

"Tunataka kudeloje!"

"Ni sawa. Lakini hapa muntu yote anasoma kwanza, njo anaingia. Hata inspecteur alisoma. Hata Monseigneur, askofu yetu, akikuya, atasoma." Akasogea pembeni, ili maandishi yaonekane. "Soma, uingie, udeloje."

Wengine walicheka. "Soma, Carmel! Si weye njo chef?" "Soma tuingie, jua inatuchoma!"

Sentensi ya siku ile ilikuwa ya Kiswahili, kwa maana Mama Josée anaamini kwamba mtoto husoma kwanza kile anachokisikia nyumbani. Ilikuwa na maneno matano: *Samaki ya Tshangalele inaiva polepole.*

Carmel alitazama. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Na hapo Mama Josée, ambaye alikuwa ameona nyuso za maelfu ya watoto mbele ya maandishi, alijua. Msichana huyu hakuwa anakataa. Hakuweza. Miaka mitano ya shule, na hakuweza.

Angeweza kuiacha aibu ile imfukuze, na kundi lingesambaa nyuma yake. Mwalimu mwenye akili ya kulinda paa lake angefanya hivyo. Mama Josée akapiga hatua, akasimama bega kwa bega na Carmel, wote wawili wakitazama geti, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Usisome yote. Soma ile ya kwanza. Hii inalia namna gani?"

"Sa."

"Na ile?"

"Ma." Akarudi mwanzo. "Sa-ma. Sa-ma-ki."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Carmel akageuka na jiwe lake, na kicheko kikafa.

Waliokuwepo huieleza saa ile kwa sauti ya chini, kama watu wanaoeleza jambo lililotokea kanisani. Watoto mia mbili waliokuja kuvunja walisimama juani, na hakuna aliyekohoa. Ndani, wadogo wa Arlette, wengine kifua wazi, walikuwa wameweka macho kwenye matundu ya bati. Msichana alikuwa akitembea juu ya maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akijaribu kila moja kwa unyayo. Kwenye *Tshangalele* alirudi nyuma mara nne. Kisha akafika ng'ambo.

"Samaki ya Tshangalele inaiva polepole."

"Inasema nini?" aliuliza Mama Josée.

Carmel alifikiri. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa akitazama geti kana kwamba limemwita jina.

"Inasema… samaki iko ku moto."

"Na weye unasemaje?"

"Minye? Minye nasikia njaa, Madame."

Kundi zima likapasuka kwa kicheko, Carmel naye, na katika kucheka kule mikono ikafunguka, mawe yakaanguka chini moja baada ya jingine, kama mvua inapoanza. Mama Josée akafungua geti.

"Umesoma. Ingia."

"Na bengine?"

"Bengine pia basome. Line moja! Hapa si soko!"

Kusoma kule kulichukua mpaka adhuhuri. Siku ile wengi walirudi kwao bila kuingia. Kesho yake wakarudi, na keshokutwa wakaleta wadogo zao. Wiki ya pili ilipoanza, uani kwa Mama Josée kulikuwa na watoto mia moja na themanini wa shule ya serikali, juu ya watoto wake mia moja na sitini, na kwa kuwa wote walivaa bluu na nyeupe, ukiwatazama kutoka barabarani usingejua nani ni wa nani.

Alhamisi alikuja Maître Bertin. Walikuwa wamefundisha pamoja barabara ya juu, naye humwita Yaya, dada mkubwa; sasa alikuwa kiongozi wa mgomo. Alikuja amekunja uso, na hakukaa alipopewa kiti.

"Yaya Josée, unatuvunjia mugomo. Serikali ikiona batoto bako wanasoma, itatusikiliza kwa nini? Weye uligoma na sisi zamani. Umesahau?"

"Sikusahau, Bertin. Endelea na mugomo, haki ni yako. Minye sikufundisha pahali pako. Nafundisha pahali pangu."

"Ni maneno ile."

"Ni maneno, ndiyo. Unamujua yule?"

Chini ya ukuta, Carmel alikuwa amechuchumaa na kitabu cha darasa la pili, kidole kikitembea chini ya mistari, midomo ikifuata.

"Carmel Mbombo. Iko mu kalasi yangu. Mutoto muzuri, hapigi kelele."

"Alikuwa hajui kusoma."

"Yaya, usinichekeshe. Miaka mbili iko kwangu!"

"Muulize."

Hakumwuliza. Alisimama pale akimtazama msichana akipindua ukurasa, na kadiri alivyotazama ndivyo mabega yake yalivyoshuka. Watoto mia moja na ishirini na saba. Yule asiyepiga kelele ndiye asiyeonekana. Mwishowe akasema, "Sikujua," akarudia, "Yaya, sikujua," akaondoka bila kuaga.

Jumamosi, baada ya hapo, wazazi wakaitisha mkutano. Aliyesema kwa niaba yao ni Papa Ricky Mukendi, mnunuzi wa madini kule Kakanda, mtu wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Watoto wake wawili walisoma Les Onze, na madawati karibu yote ya shule alikuwa ameyatengenezesha yeye, zamani watoto walipokuwa wakikalia matofali.

"Mama Directrice, minye siko muntu mubaya. Unanijua. Lakini nilitoa batoto yangu kule juu sababu ya ile foule ya batoto. Nikaleta kwako. Sasa weye umeleta kule juu humu ndani! Minye nalipia nini?"

"Unalipia kivuli, Papa Ricky!" alisema mama mmoja, na watu wakacheka kidogo, lakini hawakucheka kwa muda mrefu.

"Divin wangu amerudia nyumbani vumbi mpaka ku masikio. Alikaa chini. Chini! Na mabenchi ni ya baba yake!"

"Aliachia mukubwa mumoja wa kule juu nafasi," alisema Mama Josée.

"Nani alimutuma?"

"Hakuna muntu. Njo maana nilifurahi."

Papa Ricky alipangusa uso kwa leso. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa na woga, na woga ule ulikuwa wa wote mle chumbani. Walikuwa watu waliojinyima nguo na nyama ili mtoto aonwe na mwalimu, aitwe jina lake, aulizwe swali. Nani angewalaumu?

"Lundi, keshokutwa asubuhi, tutakuya," alisema. "Kama bale batoto bangali humu, kila muntu anatoa wake. Na minye napakia mabenchi yangu. Uamue, Mama. Ni bale batoto ao ni masomo yako."

Mama Josée alisimama. Alikuwa na jibu refu, alilolipanga tangu Ijumaa, na lote likamtoka kichwani.

"Mabenchi ni yako, Papa Ricky. Batoto yako ni yako. Lakini muntu akishasoma, ameingia. Siwezi kumwambia toka nje, usahau ile ulisoma."

Jumapili, wakitoka kanisani, Arlette alitembea kimya mpaka walipofika kwenye kona yao.

"Mama, bakiondoka bote, masomo inakufa. Unajua?"

"Najua."

"Ba enseignants tano. Na minye. Tutakula nini?"

"Bukari," alisema Mama Josée, yaani ugali.

"Na nini?"

Mama Josée akaongeza mwendo. Arlette anasema alimshika mkono, wakaenda hivyo mpaka mlangoni.

Jumatatu pikapu ya Papa Ricky ilifika mapema. Vijana wawili wakapakia madawati, na yeye mwenyewe akasimama akitazama ardhi. Divin alilia, akapandishwa mbele. Wazazi wengine walisimama ng'ambo ya barabara na watoto wao mkononi, wakisubiri kuona. Madarasa yalibaki vyumba vitupu vyenye alama za miguu ya madawati sakafuni. Na watoto wa serikali, waliokuwa wamefika na kuyaona hayo yote, wakanong'onezana, wakageuka, wakapanda barabara ya juu wakikimbia, Carmel mbele. Uwanja ukabaki mweupe.

"Bamekimbia," alisema Arlette.

Mama Josée alikaa kwenye ngazi. Alijiambia kwamba ni sawa, kwamba hata yeye angekimbia. Wale ng'ambo ya barabara walianza kukusanya mikoba.

Ndipo ikasikika sauti kutoka juu. Haikuwa kelele ile ya kudeloje. Ilikuwa mwendo, miguu mingi kwa pamoja, na kukwaruza kwa mbao. Watu walitoka majumbani. Muuza mikate alishusha beseni lake. Kutoka kwenye kona, chini ya jakaranda, ilitokea dawati la kwanza, juu ya vichwa vya watoto wanne. Nyuma yake la pili. Kisha la kumi. Barabara nzima, kadiri macho yalivyoweza kupanda, ilikuwa madawati yanayotembea, na chini ya kila moja miguu mingi yenye vumbi jekundu, bluu na nyeupe, bluu na nyeupe, na zambarau ya maua ikidondoka juu ya mbao. Pikapu ya Papa Ricky, iliyokuwa ikiondoka, ililazimika kusimama na kuwapisha. Injini ikazimwa. Divin alitoa kichwa chote dirishani.

Pembeni ya safari ile alitembea Maître Bertin, ufunguo wa shule ya serikali mkononi, amebeba upande mmoja wa dawati ambalo Carmel alishika upande wa pili.

Mama Josée alisimama.

"Bertin! Na mugomo?"

"Mugomo iko," alijibu akihema. "Minye sifundishi. Ni bamwalimu njo banagoma, Yaya, haiko mabenchi. Mabenchi haina chama, haina syndicat."

"Directeur wako atasemaje?"

"Njo alinipa ufunguo. Alisema nisimwambie muntu kama alinipa."

Watoto walipita mmoja baada ya mwingine, wakiinama ili dawati lisigonge chuma cha juu cha geti. Hakuna aliyepiga kelele. Waliyashusha taratibu, kama watu wanaoshusha mgonjwa, na kurudi kuchukua mengine. Ng'ambo ya barabara, dawati moja lililobebwa na wadogo watatu lilianza kuyumba. Mama Christiane, aliyekuja tangu alfajiri kumwondoa binti yake na mkoba wake tayari begani, alipiga kelele, "Eh, eh, batoto, itawaponda!", akakimbia, akashika pembe, akaingia nalo mpaka darasani.

Alipotoka, Mama Josée alikuwa mlangoni.

"Ulikuya kumutoa mutoto?"

"Nilikuya kumutoa."

"Na sasa?"

"Sasa nabeba mabenchi, hauone? Sogea, Mama Directrice, unanifungia njia."

Wengine waliingia nyuma yake. Wengine hawakuingia, walishika watoto wao mkono wakashuka, na mpaka leo wakikutana na Mama Josée sokoni hutazama nyanya. Papa Ricky naye hakurudi, ingawa pikapu yake ilikaa pale muda mrefu, na mtu mmoja anasema alimwona akifuta macho. Arlette alihesabu kwa kidole, darasa kwa darasa, akaja mbio.

"Mama, ba kwetu bamebaki tisini na moja!"

"Basi masomo iko."

Saa ya kuanza ilikuwa imepita. Mwanamke yule ambaye kwa miaka thelathini na saba hakuchelewesha kengele hata dakika moja alikuwa angali amesimama katikati ya uwanja, mikono imening'inia, akiwatazama watoto wakikaa, watano kwenye dawati la watatu, wakisogea ili mwingine apate.

"Mama," aliita Arlette. "Mama, kengele."

"Ngoja," alisema. "Ngoja kidogo, niwaone."